Ruhusa

Alishuka na sanduku la bati,
godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani,
jina lake kwa rangi nyeupe: BALUKU, P.4.
Mama yake alimpapasa mabega
kama anayechagua kuku gulioni,
akaiuliza barabara:
Mmekuwa mkimlisha nini huko, mvua?

Usiku wa kwanza aliamka saa kumi na nusu.
Nilimkuta gizani, kitanda kimetandikwa,
kimenyooka kama daftari jipya,
naye ukingoni, viatu miguuni,
anasubiri kengele.
Nikamwambia, kengele imebaki shuleni.
Akajibu, ndiyo, bwana.

Bwana! Mimi. Baba yake.

Kulipokucha akanyoosha kidole:
naomba ruhusa kunywa maji.
Naomba ruhusa kwenda chooni.
Muhindo, dada yake mdogo,
alicheka hadi uji ukamtokea puani,
kisha akanyamaza,
maana alimwona kaka yake bado amesimama,
kidole juu, anangoja jibu kwelikweli.

Mimi nami sikuwa mwema.
Kabla hajafika nilishachora ratiba
nyuma ya mfuko wa saruji, kwa rula:
saa mbili hesabu, saa nne Kiingereza,
saa nane mwalimu wa kulipwa
kwa fedha ya bati la jiko linalovuja.
Nikaibandika ukutani,
nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama
kama mtu aliyemaliza nyumba.
Kabugho alirudi Mpondwe na vitenge vyake kichwani,
akaisoma yote, hata pambizo.
Hakusema neno.
Aliibandua, akaitandaza uani,
akaanikia kahawa.

Kesho yake, kiwandani Hima,
nilisimama mbele ya msimamizi, kofia mkononi:
naomba ruhusa, mkuu, mtoto yuko nyumbani.
Nikaisikia sauti yangu.
Ilikuwa na miaka kumi.

Nilipewa siku tatu.

Ya kwanza tuliteremka Nyamwamba
kwenye mawe makubwa kama mbuzi waliolala,
yaliyoletwa na mafuriko yasiyojua mipaka ya mashamba.
Sikumwuliza saba mara nane.
Alirusha vijiwe mpaka mkono ukachoka,
akasinzia juani, mdomo wazi.
Mlima ukavua wingu, ukavaa tena.
Hatukuandika popote.

Ya pili alisonga bundu mwenyewe.
Liliungua. Tulilila.

Ya tatu mvua ilitufungia ndani
na sinia la maharage yenye fukusi.
Hapo ndipo nilipojifunza:
mtoto haulizwi uso kwa uso kama shahidi.
Mpe maharage achambue.
Vidole vikishughulika, mdomo hujisahau.
Alisema, macho siniani,
kule usiku tunalia ndani ya shuka,
tunaing'ata, matroni asisikie.
Alisema kama anayetaja bei ya chumvi.
Kabugho aliendelea kuchambua,
ila nikaona anatupa nzima na kubakiza mbovu.

Wiki ya tatu, siku isiyokuwa na jina,
aliingia mbio kutoka kwa kina Thembo,
akachota maji mtungini, akanywa,
akamwaga nusu, akafuta kwa unyayo,
akatoka, mlango ukabaki wazi.
Tulitazamana, mimi na mama yake,
kama watu waliopokea simu ya heri.
Hakuna aliyeinuka kuufunga.

Kisha ikaja karatasi ya shule:
fagio mbili, karatasi za chooni, rimu, sukari, karo.
Sanduku likashushwa darini.
Usiku ule alisimama mlangoni mwetu,
na kidole kile, nilichodhani kimesahau njia,
kikapanda taratibu.

Baba, naomba ruhusa.

Kunywa tu, mwanangu, maji ni yako.

Si maji, akasema.

Na uani, kwenye saa mbili hesabu
na saa nne Kiingereza,
kahawa ilikuwa bado haijakauka.