Maagizo ya Stefka

Amelazwa Regina, goti lake jipya la chuma
linajifunza ngazi. Mimi nimebaki Yorkton
na karatasi aliyoibandika kwenye mlango wa friji:
kwanza zinia, kisha petunia, kisha koleasi,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu, kama hukumu:
Orest, usimwagie maji jioni.

Miaka thelathini na minane nilikuwa mtu wa ngano.
Ua kwangu lilikuwa kitu cha kukwepa kwa trekta.
Kila Mei alirudi na trei za miche,
nikauliza bei, akanitajia nusu,
na hiyo nusu nikaipigia kelele:
pesa zote hizo kwa kitu kisichoiona Oktoba!
Akacheka. Akaniachia jembe mkononi.

Sasa Agosti inaisha. Petunia zimerefuka shingo,
zimemwagika nje ya vyungu kama nywele za aliyeamka sasa hivi.
Zinanata vidoleni. Nakata vichwa vilivyonyauka
kwa mkasi wa jikoni, na hilo asilijue.
Nikikata kimoja, siku ya nne vinakuja viwili.
Ubishi huo naujua. Nimeuoa.

Zinia zina ukungu mweupe miguuni
lakini juu zinawaka, na moja ina pinki ya ufizi wa mtoto.
Mchicha wa mapambo umeburuza mikia yake hadi kwenye saruji,
mbwa wa jirani anaibwekea.

Koleasi ziko upande wa kaskazini, pasipo jua.
Jani lina zambarau katikati, kijani cha ndimu ukingoni,
kana kwamba fundi aliishiwa kitambaa akaungaunga.
Jumanne moja ikatoa ua: kijiti chembamba,
buluu iliyochuja, ua la kuomba radhi.
Nililionea huruma. Nikaliacha.

Simu ikalia usiku.
"Umefinya maua ya koleasi?"
"Nimefinya."
Kimya cha mtu anayejua.
"Ikichanua, Orest, inadhani kazi imekwisha. Finya."
Nikatoka na tochi.

Leo redio imesema nyuzi mbili, sifuri mabondeni.
Nimetoa mashuka yote kabatini,
hata lile la harusi lenye tarizi ya mama yake,
nikafunika. Bustani imejaa mizuka mifupi.
Mtoto wa kina Pawluk akasimamisha baiskeli:
"Nani amekufa?"
"Hakuna," nikasema. "Bado."

Halafu nikafanya jambo lisilomo kwenye karatasi.
Nilikata vipande, kidole kimoja urefu,
chini tu ya kifundo, nikavitia majini.
Wiki hii vimetoa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko ndevu za mahindi.
Dirisha la jikoni limejaa.
Hakuna gilasi nyumba nzima isiyo na mizizi,
na asubuhi ya leo nimekunywa maji
kwa kikombe changu cha kunyolea.