Vituo

Niliendesha tramu mjini Łódź miaka thelathini na minne,
kutoka Chojny hadi Helenówek na kurudi,
na miaka hiyo yote kibofu changu
kilikuwa mtumishi asiye na jina:
nusu siku bila kushuka, baridi ya Januari,
chupa ya chai kando ya breki,
wala hakikunong'ona.

Sasa kinaniita kwa jina.

Daktari Wierzbicka alinichorea tezi nyuma ya bahasha,
kiduara tu, akasema:
uvimbe huu unakula homoni zako za kiume,
tutaunyima chakula.
Sindano ya tumbo, kila miezi mitatu.
Nikauliza, na mimi nitakula nini?
Akacheka, kisha akaona kwamba sikucheka.

Uvimbe umelala njaa. Namba za damu zinashuka,
daktari anafurahia kila karatasi.
Lakini ukimnyima mmoja chakula
nyumba nzima hukonda:
mapaja, ndevu, hamu,
na ule mkanda wa nyama chini kabisa
ambao sikujua ninao
mpaka ulipolegea.

Naamka saa saba. Saa nane na nusu. Saa kumi.
Joto linanipanda kifuani kama mtu kawasha tanuri,
nafungua dirisha, theluji inaingia,
Halszka anavuta blanketi bila kufumbua macho.
Nasimama chooni
kama abiria anayengoja tramu iliyokwisha pita.
Tone.
Kimya.
Tone, tone.
Haba na haba hujaza kibaba;
hawakusema hujaa saa ngapi.
Najipangusa, narudi, najilaza,
na ndipo lililobaki linapokuja lenyewe
bila hodi,
la vuguvugu, kisha la baridi.

Mji huu niliujua kwa vituo.
Leo naujua kwa vyoo:
cha soko la Bałuty, zloti mbili, mlinzi wake anafuma soksi;
cha maktaba, bure, ila Jumatatu kimefungwa;
cha kanisa, ufunguo anao padri
na sharti umweleze.

Pedi nilizinunua mtaa nisiojulikana.
Msichana wa famasia akauliza kwa upole:
Ni za mama?
Nikasema ndiyo, za mama.
Mama yangu alikufa miaka kumi na tisa iliyopita.
Samahani, mama. Nimekusingizia.
Nikazificha nyuma ya sanduku la misumari.
Kikulacho ki nguoni mwako,
nami nikaishi kama mtu ambaye suruali yake haina habari.

Kisha Jumapili ile, mezani, shemeji Gerwazy
alisimulia kisa cha bata na polisi.
Nilicheka. Nilicheka kweli, mara ya kwanza tangu vuli,
na nikahisi.
Nikakaa kitini mpaka wageni wote walipovaa makoti,
nikiwaaga kwa mkono, kama mfalme mwenye jipu.

Halszka hakusema neno.
Alinishika kiwiko, akanipeleka chumbani,
akafungua droo yake ya soksi za baridi.
Chini kabisa, pakiti. Ile ile. Rangi ile ile.
"Tangu nimzae Ludwik," akasema.
"Nikichafya. Nikipanda ngazi na viazi."
Ludwik ana miaka thelathini na mmoja.
"Na hukuniambia?"
"Ungenisikia wapi? Ulikuwa kwenye tramu."

Siku hizi tunalala chali, sambamba,
taa imezimwa, kama vijana wanaopanga wizi.
"Kaza," anasema gizani. "Moja, mbili, tatu,
nne. Mbona unapumua hivyo? Tano. Legeza."
Naamka bado. Mara tatu, si nne.
Huenda ni mazoezi, huenda ni chai niliyoiacha.

Nje tramu ya mwisho inakata kona,
chuma kinalia juu ya chuma.
"Huyo kijana," nasema,
"anafunga breki mapema mno."
"Nyamaza," anasema Halszka, "ukaze."