Alama

Huduma Centre, Kisumu, dirisha la kumi na moja.
Kijana ananishika mkono
kama anayemsaidia bibi harusi kukata keki,
anakibingirisha kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi.
Anainama. Anakunja uso.
"Mwalimu, hapa hakuna kitu."
Sijamwambia kuwa mimi ni mwalimu.

Nenda ukanawe, urudi.
Nanawa. Narudi. Hakuna kitu.

Ni chaki.
Miaka tisa ubaoni, juu huko Maragoli,
mshahara wa bodi, elfu nane,
na mwezi mbaya, elfu nane za ahadi.
Sasa Hanoi wanataka mwalimu wa Kiingereza:
kazi ya kudumu, chumba chenye dirisha, bima ya meno.
Bima ya meno! Nilimsomea mama mstari huo mara mbili kwa simu.
"Kwani huko watu wanang'atana?"

Siku ya mahojiano simu niliiegemeza kwenye mkebe wa sukari.
Mwanamke mmoja, mpole, akauliza
kama Kiingereza ni lugha niliyozaliwa nayo.
Nikaikumbuka mbao ile shingoni, darasa la tatu,
uzi wa katani ukinila ngozi siku nzima,
kwa kosa la kumwita Kageha kwa Kilogooli
aje tugawane muhogo.
Sikuzaliwa nayo, mama. Nilivishwa.
Hilo sikulisema.
Nilisema, "Karibu hivyo,"
na sarufi yangu ilikuwa safi kuliko yake.

Kijana anaazima mafuta ya kujipaka dirisha la jirani,
ananisugua kidole kimoja kimoja, bila haraka,
foleni nyuma yangu ikianza kukohoa.
Mimi niliyegawa alama, na nusu alama,
na robo kwa mwandiko tu, ili mtoto asilie,
leo naomba kumi za kwangu
na hazitoshi.

Kinatoka kidole cha mwisho, kile kidogo,
ambacho hakijawahi kushika chaki:
mistari yote ipo, mizunguko yake,
kama cha mtu ambaye hajaanza kazi.

"Hiki kimepita. Hivyo vingine, rudi baada ya wiki mbili.
Lakini mwalimu, usishike chaki kabisa."

Nakubali kwa kichwa.
Jumatatu nina kidato cha pili, kipindi cha kwanza,
na kitabu ni kimoja, changu.