Ukuta wa Wesha

Wanasema maji ukiyavulia nguo yaoge.
Mimi niliyavalia:
suruali hadi kifundoni, mikono hadi kiganjani,
na kofia ya mpira iliyonibana masikio.
Fundi Mbarouk wa Machomanne aliishona
akiniuliza mara tatu, "Hasa, mwanangu, hii ni ya nini?"
Na kitambaa chake, Mungu amrehemu, kikanywa maji
kama mtu aliyefuturu kwa papa mkavu.

Bwawa la chuo, huko bara, lilinuka dawa ya kufulia.
Halikupwa, halikujaa.
Wiki ya kwanza nilidhani maji yale yamekufa.

Njia ya nne. Mgongo, mita mia.
Kutoka chini ya bendera nahesabu mikono:
moja, mbili, tatu, nne,
kisha ukuta.
Ukuta ndio ulionishinda.
Mkondo wetu hauna ukuta, unakwenda tu
mpaka wewe mwenyewe useme basi.
Niligonga kisogo, niligonga kiwiko,
Kocha Mwaisaka akachuchumaa ukingoni:
"Mize, usiuogope. Upo ili uusukume."

Mwaka wa pili nikawa wa nne.
Mwaka wa tatu, wa nne.
Mwaka wa mwisho nilipanda kibaoni, wa tatu,
nikavishwa, nikapigwa picha,
halafu mzee wa karatasi akaja akinong'ona.
Sehemu tatu za mia za sekunde.
Nikaivua mwenyewe, nikamvisha mwenzangu.

Ni muda gani huo?
Nimeutafuta kila mahali tangu siku ile:
baina ya hodi na karibu,
baina ya nazi kupasuka na maji yake kumwagika.
Kope haijafumba. Haupo.

Kisha bega la kulia likaanza kusaga kama jiwe la kinu.
Nikarudi na meli ya usiku
na cheti, na dawa ya kuchua,
na saa ya kocha, yenye kamba nyekundu.
Aliponipa hakusema ila, "Utaihitaji."
Nikaitia kabatini chini ya mashuka.

Mama analima mwani mwaka wa ishirini huu.
Maji yakimfika kifuani huongea kwa sauti,
anajigombeza, anayagombeza,
ili asisikie moyo wake.
Hajui kuogelea. Hakuna ajuaye pale shambani.
Bi Riziki alifuata kamba iliyokatika,
hatua tatu tu, wakati maji yanarudi.
Hatua tatu.
Usiku ule nikaitoa saa chini ya mashuka.

Sasa wanakuja wakitoka chuoni,
kile chuo kingine, cha juzuu na viboko:
Raiye, Zuwena, Mwanakombo anayebishana na kila kitu,
na Saumu asiyetaka kulowa uso.
Nimefunga kamba baina ya mikandaa miwili,
mita ishirini na tano kwa futi ya marehemu fundi.
Ratiba yetu haijui Jumatatu, inajua bamvua.
Siulizi nani wa kwanza.
Nauliza nani bado yuko juu.

Ni Raiye aliyeuliza, akitema chumvi:
"Kocha, mwisho wa kamba tunageukia wapi?
Hakuna kitu hapa."
Kweli, hakukuwa na kitu.
Nikaingia hadi kifuani, nikachimba visigino matopeni,
nikaweka viganja mbele ya tumbo.
"Hapa. Piga kwa nguvu."
Akanitazama kama nimemwambia anitukane.
Akapiga.

Nimezijua nyayo zao moja moja.
Za Zuwena laini, za Mwanakombo zina kinyongo.
Bega linalia, nami nasimama.
Wanakuja kwa mgongo, hawanioni,
wanahesabu tu: moja, mbili, tatu, nne.

Jana Mama alisimama pwani, kanga imelowa hadi magotini,
akatazama kwa muda mrefu, mkono kiunoni.
"Ukuta wako huo," akasema, "unabeba mtu mzima?"
Nikaangalia maji. Yalikuwa yameshaanza kuvuta.
"Yakiwa mafu, Mama. Jumatano.
Na uje na suruali."