Dakika Kumi

Gari limekuja na harufu ya dagaa,
tope la Kisorya limekauka tumboni mwake
kama ugali uliosahauliwa sufuriani.
Mazigo, dereva, hataki salamu ndefu:
"Nikiweka rivasi linagonga kama mdai kodi.
Fanya haraka, mama, kuna kivuko cha mwisho."

Najua kinachogonga.
Wanalirudisha majini kinyumenyume kuvuta mitumbwi,
ziwa linapenya kwenye kros,
linakunywa grisi, linaacha kutu.
Ziwa haliibi kwa kishindo.

Mawe kwanza. Nyakato hatukosi mawe:
moja mbele ya tairi, moja nyuma,
maana propela ikitoka, gia haishiki kitu.
Kisha stendi. Jeki ni ya kunyanyulia,
si ya kulala chini yake.
Nikisema hivyo, Ng'walali, kijana wangu, hacheki.
Alishaona.

Chaki hufutika; mimi natumia rangi ya kucha.
Mstari mwekundu unavuka flanji mbili
ili ndoa irudi kama ilivyofungwa.
Ukikosea, gari litatetemeka mpaka Magu
na mwenyewe atalaumu barabara.

Kofia ya kros inafunguka,
vijisindano vinamwagika kiganjani,
vyekundu, vimeliwa viuno.
Nampa Mazigo. Anavishika
kama mtu aliyekabidhiwa meno ya baba yake.

Na kuna jingine. Kwenye dashibodi
inawaka taa: kajitu kameketi, puto kifuani.
"Hiyo achana nayo. Chomoa balbu."

Lugodisha alinifundisha kazi hii akiwa na sikio moja.
La kushoto lilibaki kwenye usukani wa gari la mtu
siku alipochokonoa nyaya za njano kwa testa
akitafuta umeme,
na umeme ukamtafuta yeye.
Hapakuwa na ajali. Gari limeegeshwa, redio inaongea.
Mfuko mweupe, vumbi kama unga,
halafu kimya, upande mmoja wa dunia.
Tangu hapo akawa anasikiliza kros kwa kiganja.

Nachomoa hasi ya betri, naifunga kitambaa.
"Sasa?"
"Sasa tunakaa. Dakika kumi."
"Unangoja nini, na moto umeshaukata?"
Nangoja ule uliobaki. Mle ndani
kuna kitu kinachotunza hasira
hata baada ya ugomvi kuisha.

Ng'walali anaosha mikono kwa sabuni ya unga.
Jirani anachomelea geti, cheche zinadondoka.
Dakika ya tatu. Ya nne.
Kuku anapita chini ya gari, anakagua.
Dakika ya sita Mazigo anasema, bila kuulizwa:
"Ng'ombe. Usiku, karibu na Kibara.
Mfuko haukufunguka.
Kilichofunguka ni kifua changu."
Anagusa mbavu, kama anatafuta funguo.
"Hiyo taa hunitazama kila nikiendesha."

Simjibu. Saa ikifika nautoa mfuko wa usukani,
naubeba uso ukiwa mbali na tumbo langu,
naulaza mezani, uso juu,
na hakuna anayeinama pale, hata kwa utani.
Simgusishi testa. Natafuta kwa macho,
na chini ya kiti naikuta: soketi ya njano,
meno yake ya kijani kwa kutu,
na gamba moja la sato limeng'ang'ania.
Ziwa tena.

Soketi mpya. Kros mpya, nasukuma grisi
mpaka ichungulie safi kwenye midomo yote minne.
Rangi ya kucha inakutana na rangi ya kucha.
Betri inarudi mwisho, hakuna mtu ndani ya gari,
mkono wangu ndio unaopita dirishani kuwasha swichi.
Kajitu kanawaka. Tunahesabu.
Moja, mbili, tatu, nne, tano,
kanazima.

Kivuko kimeshamwacha. Hatazami simu.
Anaweka rivasi, na mimi
nimeweka kiganja kwenye sakafu ya gari,
sikio langu zima likiwa halina kazi.

Wakati wa kulipa anaviomba vile vijisindano vyekundu.
Anavitia mfuko wa shati, upande wa mbavu.