Gunzi

Saa nane za usiku, Manyatta.
Hata mbwa wa Kondele wamenyamaza,
mgongo wangu ndio haujalala.

Apondi hanung'uniki. Anapapasa chini ya kitanda,
anatoa gunzi la mahindi tuliyochoma Jumapili.
"Wapi?"
"Juu. Kushoto. Hapana, ndani."
Ndani gunzi halifiki.

Kanisani wananinyima mikono wakidhani ni upele.
Nimewaacha. Nani atawaeleza
kwamba figo zikigoma, uchafu hukosa mlango,
ukabaki kugonga ngozi
kama mtu aliyefungiwa chooni?

Jumanne na Ijumaa mashine hunichuja saa nne mfululizo,
kisha hunirudisha nyumbani mkavu,
omena aliyesahauliwa juani Usoma.

Na omena ndio kesi yenyewe.
Nesi Chelangat alisoma karatasi ya vipimo,
akanitazama juu ya miwani:
"Mzee Obonyo, umekula nini?"
Nikaapa. Kwa marehemu mama nikaapa.
Akaninyanyua shati nyuma,
akasoma mikwaruzo mstari kwa mstari.
Mgongo ukanitoboa siri.

Leo Apondi amenikata kucha zote kumi,
amenipaka mafuta mpaka nyayo,
akatega sikio mkononi, pale mshipa unaponguruma,
kama anayesikiliza redio ya watu ukutani.
"Bado inaongea," akasema.

Jioni hii kwa jirani wanakaanga.
Harufu imepita dirishani bila hodi,
imeketi nasi mezani.
Sisemi kitu. Namumunya ugali wangu mkavu.
Apondi anafunga dirisha,
analisogeza gunzi karibu na mto.