Kwa Kanyere, Kabla ya Ijumaa

Kanyere, fomu haiumi.
Ni karatasi mbili, ofisi ya elimu wanazitoa bure,
ingawa mlinzi wa mlangoni atakohoa
kama mtu anayedai kitu.
Mwache akohoe.
Nenda asubuhi, kabla umeme haujakatika
na mashine ya nakala ikageuka meza.

Mstari wa kwanza wanataka jina. Andika lote,
na la baba, hata kama simu yake haipatikani
tangu alipokwenda Walikale.

Mstari wa pili wanataka swali.
Hapo wengi hukwama, kalamu mdomoni,
wakachota la kitabuni: nuru husafiri vipi?
Nuru imeshasafiri, mdogo wangu.
Wewe tafuta lile uliloliuliza ukiwa huna daftari.

Langu lilianza na mbuzi.
Mbuzi wa mama Nzanzu, kule Bulengo,
amelala shimoni kati ya mawe meusi,
hana jeraha, hana povu,
majani bado mdomoni.
Watu wakasema: mazuku.
Wakalifunga neno hilo kama mlango, wakaenda kula.
Mimi nikabaki nauliza: hadi wapi?
Yanafika goti? Kiuno?
Yanafika kichwa cha Bauma wetu, wa miaka minne?

Vifaa: ufito wa mianzi, mita tatu. Waya. Mshumaa.
Futi ya fundi cherehani, niliyoiazima safi
na sijathubutu kuirudisha.
Njia: simama juu, upepo uwe mgongoni.
Usishuke, hata kalamu ikianguka.
Kalamu inanunuliwa.
Teremsha mshumaa polepole, kama unayemlaza mtoto,
ukizimika, soma futi, andika.
Kesho tena. Kesho kutwa tena.
Asubuhi arobaini na moja,
sare yangu inanuka nta, darasa zima linaniita Sakristani.

Siku ya kumi na tisa upepo ulivuma toka ziwani,
mshumaa ukafika chini kabisa unawaka,
unanicheka.
Nilitaka kuifuta siku hiyo.
Mwalimu Kasereka akaushika mkono wenye kifutio:
«Hii ndiyo siku pekee iliyokwambia
jambo ambalo hukulijua.»
Kwa hiyo usifute, Kanyere.
Na usiandike kwamba utaokoa watu.
Andika sentimita.

Muhuri wa prefe, mfuate Jumatatu, hajachoka.
Picha mbili, shati jeupe.
Ijumaa wanafunga saa sita,
na saa sita yao, amini usiamini, ni saa sita.

Siku yenyewe walinipa meza kando ya choo.
Jirani zangu wavulana wa ufundi,
na roboti yao ya makopo inayopepesa macho mekundu,
umati wote uko kwao.
Mimi nina beseni, siki, magadi,
na mishumaa mitatu: mrefu, wa kati, mfupi.
Jaji mmoja, mtu wa Bukavu, akapita. Akarudi.
Nikamimina siki juu ya magadi.
Povu likatulia, hakuna kilichoonekana.
Akainama, tai yake ikagusa ukingo wa beseni.

Mfupi ukazimika kwanza.
Kisha wa kati.

Akauliza, bado ameinama:
«Huu mfupi, kule shimoni, ni kimo gani?»
Maneno yote niliyoyakariri yakanitoka.
Nikanyoosha kiganja hewani,
pale pale ninapomgusa Bauma kichwani
nikitoka kwenda shule.

Sikushinda. Roboti ilishinda,
na ilistahili, nisikudanganye,
ilijua hata kusalimia.
Lakini mama Nzanzu ameyapaka chokaa mawe yote ya ukingoni,
na kamba ya mbuzi wake mpya
ameikata fupi.

Futi imo begini mwangu, njoo uichukue.
Na kumbuka kalamu ya bluu.
Nyeusi wanaikataa, sijui kwa nini.
Labda hilo nalo ni swali.